Volti Nne Zilizopotea

Tak.
Hilo tu. Nimezungusha ufunguo mara saba
na mara saba Shangazi kanijibu tak,
kama karani afungaye dirisha kabla ya saa.

Jumamosi ya Machi, Morecambe,
ukungu umepanda kutoka ghubani
ukalala juu ya paa la gari-nyumba langu,
Bedford ya mwaka sabini na nne,
jiko, sinki, kitanda cha kukunja,
mapazia ya rangi ya haradali ambayo hakuna aliyekiri kuyachagua.
Nilimwita Shangazi kwa kuwa huondoka apendapo.

Nimekwisha kufanya yafanywayo na asiyejua:
nimefungua boneti nikatazama kwa huzuni,
nimeigonga stata kwa nyundo, kwa adabu, kisha bila adabu,
nimebadili fyuzi ambayo haikuungua,
nimenunua betri mpya kwa pauni tisini na tano
nayo betri mpya, imenyooka, imepigwa msasa wa kiwandani,
ikasema tak.
Wanangu ndani wamefunga mikanda tangu saa tatu,
wanasafiri papo hapo.

Ndipo mlango wa namba kumi na moja ulipofunguka:
Enid Postlethwaite, themanini na mmoja,
aliyepima laini za simu Lancaster miaka thelathini,
miguuni ndara za sufu,
mkononi mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe
mita ya sindano.

"Usiiulize betri ina kiasi gani," akasema.
"Kila mtu humuuliza tajiri.
Muulize maskini wa mwisho amefikiwa na ngapi."

Betrini: kumi na mbili na nusu.
"Zungusha."
Tak, na taa za mbele zikasinzia.
Betri kumi na mbili bado. Stata: nane.

Nane!
"Nne zimeliwa njiani," akasema,
"na umeme hauna mbawa."

Tukaushika waya mwekundu, tukauhoji kiungo kwa kiungo.
Mwaminifu. Kamega chembe tu, ujira wa njiani.
Tukarudi upande wa pili, upande wa kurejea,
ule ambao hatuuulizi kamwe,
kwa kuwa nani humuuliza mtu amefikaje kwake?

Sindano ikaruka.

Nikalala juu ya kadibodi, maji ya lami yakinisoma mgongo,
tochi nimeing'ata,
nikaufuata msuko wa shaba hadi unapokanyaga chasisi.
Hapakuwa na kutu. Laiti pangekuwa na kutu.
Palikuwa na rangi,
nyeusi, nzito, inang'aa,
rangi yangu.

Nilimpaka Januari, hapa hapa, chali hivi hivi,
mikono miwili, na mmoja wa ziada kwa mapenzi.
Nilifungua kila bolti nikapitisha brashi chini yake
nikafunga tena,
nikamwita mke wangu aje aone:
sijaacha hata doa la chuma wazi.

Enid hakucheka. Alinishushia msasa
kama mtu anayempa mgonjwa maji.
"Kwangua," akasema, "mpaka kione aibu."

Nikakwangua. Vumbi jeusi likaniingia nyusini.
Chini ya mapenzi yangu, chuma kikatoka,
cheupe, kidogo, upana wa sarafu.
Nikaubana msuko juu yake, nati ikalia mara moja.

Ufunguo.
Shangazi akakohoa, akatema moshi wa buluu,
akanguruma hadi vikombe vikapiga makofi kabatini.
Vifuta-kioo vikaanza kupunga bila kutumwa,
na ile taa ya juu ya sinki, iliyokufa tangu Oktoba,
ikawaka
kama vile ilikuwa ikingoja tu kuulizwa vizuri.

Friji bado. Hiyo ni kesi ya wiki ijayo.
Enid alikwisha kurudi kwake, mita kaiacha kwenye bampa,
na mimi nimesimama na mkebe wa grisi,
nalisiliba lile duara,
na kuiambia brashi:
hapa, usiguse.